Sauti Inayotangaza Boti

Jumamosi. Kipupwe kimeshika. Asubuhi hapa Kibiti kulikuwa na manyunyu mepesi, yale yasiyomkimbiza mtu njiani, na sasa baada ya adhuhuri jua limetoka lakini halichomi. Mama amekwenda kuangalia mananasi yake shambani. Niko peke yangu, mlango wa chumba nimeurudisha, na tangu nimalize kula naitazama simu kama mtu anayesubiri ianze yenyewe kuzungumza.

Nimerudi kutoka delta tangu Jumatano. Nilijiambia nikifika tu nitaandika, sikuweza. Jana nayo nilizungukazunguka nyumbani, nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Leo naandika.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Somoe, nasoma teknolojia ya habari katika chuo kimoja Dar es Salaam, niko mwaka wa mwisho. Utafiti wangu wa kumalizia masomo ni kuhusu tovuti moja ndogo sana. Ukiifungua kwenye simu inakwambia kama boti ya leo ipo au haipo, itaondoka Nyamisati saa ngapi, na itapita vijiji gani vya delta. Basi. Haina picha wala matangazo. Kazi yangu ni kupima kama watu wanaweza kuitumia bila kufundishwa, wanakwama wapi, na kwa nini.

Watu wa delta maji wanayajua wenyewe, hakuna wa kuwafundisha yanajaa lini na yanakupwa lini. Wasichokijua wakiwa nyumbani ni kama boti yenyewe inakuja, au mashine imeharibika, au nahodha amechukuliwa na watu wa harusi. Mtu anatoka na mgonjwa wake, anafika ufukoni, anakaa mpaka jua linageuka, anarudi naye.

Na kwa kuwa wengi wanaoihitaji hawasomi vizuri, au macho yamechoka, tovuti inazungumza. Kuna kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Ukikibonyeza unasikia sauti ya mwanamume: "Karibu. Boti ya leo ipo. Itaondoka Nyamisati saa nne asubuhi."

Sauti hiyo ni ya Salumu.

Ndiyo mara ya kwanza naliandika jina lake humu. Wanaonisoma siku nyingi wanamjua kama "rafiki yangu mmoja". Mwenye kicheko cha ghafla, asiyependa kupanda ngazi, ambaye akichoka anasema "habali" badala ya "habari" kama watu wa kwao Mbwera. Ndiye huyo. Na tangu afariki nimekuwa nikiandika kuhusu mvua, mitihani na bei ya bando, kuhusu kila kitu isipokuwa yeye.

Tovuti tuliianza pamoja. Wazo lilikuwa lake, maana yeye ndiye aliyekulia kwenye kusubiri boti. Mimi niliandika sehemu inayosoma ujumbe wa nahodha na kuchagua maneno ya kusema. Yeye alitoa sauti. Tulirekodi mchana mmoja kwenye chumba cha rafiki yetu, yeye amesimama mbele ya kabati lililofunguliwa, tumetundika mablanketi pande zote ili mwangwi usiingie. Alisoma neno mojamoja: ipo, haipo, imechelewa, leo, kesho, saa zote za mchana, majina ya vijiji, majina ya boti. Kompyuta inayaunga. Kwa hiyo alisema maneno kwa mchana mmoja tu, lakini kila siku anatangaza jambo jipya ambalo hakuwahi kulisema.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba tukimaliza chuo atatuma watu kwetu kuja kuposa. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote. Alikuwa na ugonjwa wa damu wa selimundu tangu utotoni, na hilo aliniambia mapema kabisa, kabla hata hajaniambia kwamba ananipenda, kama mtu anayekuonyesha kwanza mahali paa linapovuja ndipo akukaribishe ndani. Nilimwambia nimeona, nimekubali. Nilidhani kukubali ndiko kazi yenyewe.

Alilazwa wakati wa mitihani. Safari hii hakutoka.

Mwili uliondoka Dar asubuhi na mapema, wenzetu wachache wakafuatana nao. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha mtihani, simu nimeacha nje. Nilipopata habari nilitoka hivyohivyo. Nilipofika Nyamisati maji yalikuwa yameshakupwa, pwani ni tope jeusi mpaka kwenye mikoko, na boti iliyomchukua imeshapita mbali. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza wavu akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu. Nikarudi.

Sikuzika. Na hakuna aliyejua kwamba nilipaswa kuzika.

Mradi ukabaki mikononi mwangu. Msimamizi wangu ni mtu mpole, hasukumi. Lakini muhula huu ulipoanza alinieleza waziwazi kwamba sauti lazima ibadilishwe. Kuna boti mpya imeanza safari, na Salumu hakulitamka jina lake siku ile, halikuwepo. Kuna pia kijiji kimoja ambacho boti zilikuwa hazisimami, sasa zinasimama. Tovuti inakua, sauti yake haikui.

Nikajaribu kuziba. Nikatamka mimi jina la boti mpya na la kile kijiji, nikayachomeka katikati ya maneno yake. Nilipowapimia watu hapa Kibiti wakachanganyikiwa. Mama mmoja wa sokoni alinirudishia simu akasema, "Kuna mwanamke humu anamkatiza mwenzake." Nikaandika kwenye ripoti: watumiaji wanasumbuliwa na sauti mbili. Nikamwambia msimamizi nitalishughulikia. Kisha nikamwambia afadhali nipime kwanza delta. Kisha nikasema delta kuna mvua.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na kazi inayonipa ruhusa ya kumsikia kila siku, na hakuna wa kuniuliza kwa nini. Mtu mwingine akimpoteza mtu wake anakaa eda, anajulikana, anapelekewa uji. Mimi nilikuwa na kitufe cha kijani.

Jumapili nikapanda boti kwenda Mbwera.

Kwenye ripoti nimeeleza kwamba kijiji hicho kimechaguliwa kwa kuwa wakazi wake wanategemea sana usafiri wa majini. Si uongo. Mwenyeji wangu alikuwa Riziki, mdogo wake Salumu. Tulianza kuwasiliana baada ya msiba, wanafunzi wenzake tulipokuwa tunatuma pole, na tovuti ilipofunguliwa kwa majaribio nilimtumia yeye kwanza. Nilipomwambia nakuja kwa utafiti akasema, "Utafikia kwetu, hoteli hakuna." Akanicheka.

Hivyo ndivyo nilivyofika nyumbani kwao Salumu. Nimebeba mkoba wa kompyuta na barua ya chuo.

Mama yake, Bi Siwema, alikuwa uani anaosha karai la vitumbua. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa kama ya Salumu. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwanachuo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Karibu. Umekuja na boti ya watu au ya mizigo?"

"Ya watu."

"Afadhali. Ya mizigo inatapisha."

Hivyo tu. Akaendelea kuosha karai lake. Nikaonyeshwa pa kulala, chumba cha Riziki, na nikakaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza nyumba. Nilitaka kujua ni mlango upi ulikuwa wa Salumu. Sikuuliza.

Jambo ambalo sikulitegemea lilinikuta asubuhi ya Jumatatu. Nilikuwa napiga mswaki nyuma ya nyumba, nikamsikia jirani upande wa pili wa ua anampigia kelele mwenzake: "Salumu anasema boti imechelewa." Mwenzake akajibu: "Jana naye alisema hivyohivyo, ikaja mapema."

Nikasimama na povu mdomoni.

Riziki alinieleza baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba aliwatumia majirani tovuti ile, nao wakawatumia wenzao, na kwa kuwa sauti wote wanaijua, hakuna anayeita tovuti wala mtandao. Wanaiita Salumu. Hebu muulize Salumu. Salumu leo hapatikani, hakuna mtandao. Mwanzoni watu walilia, alisema. Mzee wa msikiti aliomba dua, kisha akauliza boti ya kesho. Siku zikapita, wakazoea.

"Na mama?" nikamuuliza.

"Mama hana simu ya kupapasa," akasema Riziki, akainuka kwenda kuchota maji.

Siku mbili nikapima watu barazani kwao. Utaratibu wetu ni kwamba unampa mtu simu, unamwambia atafute jambo fulani, na unamwomba aseme kwa sauti kila anachofikiri wakati anatafuta. Husaidii. Husahihishi. Unaandika tu. Mzee Kibwana, muuza kaa, alibonyeza vizuri, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaijibu simu: "Nimesikia, Salumu. Sasa nauli je?" Akasubiri. Akanigeukia mimi: "Mbona kimya?" Nikaandika: nauli haipo, nahodha aulizwe. Binti mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimaliza kila kitu kabla sijamaliza kumweleza, akaniambia herufi za juu zimefifia, juani hazionekani. Ni kweli, hazionekani. Kwa mtafiti zilikuwa siku nzuri sana.

Wakati huo wote Bi Siwema alikuwa akipita. Anatoka uani, anaingia ndani, anarudi na ungo. Kila sauti ilipotoka kwenye simu alikuwa amekwishafika mahali pengine.

Jumanne baada ya alasiri nilikuwa nakunja vitu vyangu. Alikuja akakaa kwenye mkeka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Na mimi nipime," akasema.

Nikamwambia mama si lazima.

"Umewapima watu wote. Mimi ndiye nimeshindwa?"

Nikampa simu. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: tafuta boti ya kesho inaondoka saa ngapi, na useme kila unachofikiri. Akaiweka simu mapajani kama anayeweka kifaranga. Kitufe alikiona mara moja. Akabonyeza.

"Karibu. Boti ya kesho ipo. Itaondoka Nyamisati saa tano asubuhi."

Akabonyeza tena. Karibu, boti ya kesho ipo. Akabonyeza tena. Tovuti inarekodi kila kidole kinapogusa, hiyo ndiyo kazi yake, na mimi nilikuwa najua kwamba huko inakorekodi inaonekana hivi: mshiriki anarudia kitufe kilekile, hasogei mbele, amekwama. Nilitakiwa nimuulize anafikiria nini. Nilikuwa naangalia kidole chake. Ukucha ulikuwa umekatika pembeni na una unga wa mchele.

Sijui alibonyeza mara ngapi. Riziki alikuja mlangoni, akatuona, akarudi ndani.

Mwishowe akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka.

"Siku moja," akasema, "nilikuwa jikoni nachoma vitumbua. Nikamsikia nje, kwa jirani. Karibu, anasema. Nikatoka. Nimeshika kijiti cha kugeuzia, nimetoka mpaka njiani. Nimemwona mtoto wa jirani amekaa na simu. Vitumbua vyote vikaungua."

Niliitazama ile simu iliyolala kifudifudi.

"Sasa mchana kutwa ni Salumu anasema hivi, Salumu anasema vile. Mimi nikisikia nageuka. Tumemzika, arobaini tumefanya, hitima imesomwa. Bado nageuka."

"Pole, mama."

"Na huyu hachoki." Akaigusa simu kwa ncha ya kidole. "Mwanangu alikuwa anachoka. Akitoka hapa mpaka kisimani anakaa chini kwanza ndipo achote. Akizungumza sana anakata pumzi. Huyu kutwa nzima anazungumza, hakati pumzi. Nimemsikiliza sasa hivi nione kama atachoka. Hachoki. Huyu siye."

Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Naomba umtoe humo, mwanangu. Kama kazi yako itaharibika nisamehe. Lakini mtoe."

Nilikuwa nimekwenda na maneno ya kumwambia. Niliyatunga kwenye boti: kwamba chuo kinataka kuiondoa sauti ile, na mimi ninaipigania ibaki, kwa heshima yake. Nilidhani atanishukuru. Nikayameza yote.

"Nitamtoa, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukakaa. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya tope na moshi wa samaki. Halafu akauliza, taratibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani, "Huna nyingine? Ambayo hatangazi boti?"

Ninayo. Siku ile tuliporekodi, kinasa sauti kilikuwa hakizimwi kati ya neno na neno. Vipande vizuri nilivikata nikavipeleka kwenye tovuti. Yaliyobaki, makosa yote, niliyahifadhi peke yake, na sikuwahi kumsikilizisha mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikiliza kidogo tu, kama anayeonja.

Nikafungua.

Salumu anakohoa. Anasema "Nyamisati", ulimi unateleza, anasema tena, unateleza tena. Anacheka. Kisha anasema, "Subiri, subiri kwanza. Nipumzike." Na inasikika pumzi yake, nzito, inayotafuta mahali pa kukaa. Bi Siwema alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu naye zile pumzi, inaingia, inatoka, kama aliyezoea kukesha kando yake.

Nilijua kinachofuata. Nilikuwa na nafasi ya kuzima. Sikuzima.

"Somoe," anasema Salumu, "ukiendelea kunitazama hivyo hatumalizi leo."

Na kicheko changu, mbali kidogo.

Bi Siwema akafumbua macho. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayeangalia nguo aliyokuwa anaitafuta nyumba nzima akaikuta imeanikwa kambani.

"Somoe si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Aliniambia ana mtu Kibiti. Nikamwuliza mtoto wa nani, akasema ngoja nimalize chuo, mama, utamwona. Nikajua ananidanganya ili nisimtafutie mke huku." Akaivuta kanga begani. "Mbona hukuja kuzika?"

"Nilikuja. Boti ilikuwa imeshaondoka."

Hapo ndipo nikalia. Tangu siku ile nilikuwa nalia bafuni, maji yamefunguliwa, kimyakimya. Jumanne hiyo barazani kwa watu, mchana, mkeka umejaa vifaa vya chuo, nililia kama mtu aliyefiwa. Hakuninyamazisha. Aliweka mkono mgongoni kwangu akauacha hapo, na yeye machozi yanamtoka bila sauti, hajifuti.

Ilipoisha aliita kuelekea ndani, kwa sauti ileile anayoitia kuni.

"Riziki. Mtilie mkamwana wangu maji aoge."

Mkamwana. Mke wa mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na sidhani kama ataniita mwingine kwa jina la Salumu. Riziki alitoka na ndoo, akanitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Ya moto au ya baridi?" Nikasema yoyote.

Jumatano, kabla ya boti, Bi Siwema alinisindikiza. Njiani akasimama, akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya minazi, akasema, "Pale." Sikusogea zaidi. Tukasoma fatiha tukiwa tumesimama njiani, mimi na yeye, na mtu mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni akasimama naye hadi tukamaliza.

Nilimwekea ile sauti kwenye kisimu chake kidogo cha vitufe, maana kinapokea kadi. Aliniambia niweke ile tu anayopumzika. "Nyingine zako," akasema.

Haya. Hayo ndiyo yaliyonikuta.

Leo asubuhi, kabla mama hajaondoka, nilimwambia. Mama yangu mzazi, ambaye mwaka mzima ameniona ninakonda akidhani ni masomo. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama, jembe begani. Akasema, "Na mimi ukanificha." Kisha akasema atawahi kurudi. Sijui amekasirika au ameumia. Nadhani vyote viwili.

Alipotoka nikafungua kabati langu, nikatundika blanketi, nikaanza. Ipo. Imechelewa. Leo. Kesho. Saa zote. Vijiji vyote, na kile kipya, na ile boti mpya. Nilikwama kwenye "haipo". Kila nikilisema linatoka kama ninampa mtu pole. Nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi, nikalisema kama ninavyomwambia mtoto kwamba sukari haipo. Likakaa sawa.

Kisha nikaondoa vipande vyake kwenye tovuti, nikaweka vyangu. Kazi yenyewe ni ndogo mno. Unachagua, unafuta, kompyuta inauliza una hakika, unasema ndiyo. Nilidhani kitu kitatikisika ndani ya chumba. Jogoo wa jirani aliwika tu, kwa wakati wake usio na maana.

Nikabonyeza kitufe cha kijani. "Karibu. Boti ya leo ipo." Mwanamke. Sauti nyembamba kidogo, imekauka.

Nilimtumia Riziki. Jibu lake limeingia sasa hivi, nikiwa ninaandika, na ndiyo sababu nilikuwa naikodolea macho simu. Anasema watu wameanza kuuliza Salumu amekwenda wapi, naye anawaambia amepumzika. Anasema mama amesikia kwa simu ya jirani, na hakugeuka. Na anasema mama ana neno: una haraka, mkamwana, sema polepole, wazee hawakupati.

Ana haki. Nimejisikiliza tena, ninakimbia. Nitarekodi upya jioni hii, mama akisharudi, labda nimwombe anishikie blanketi.

Imebaki ripoti. Msimamizi ameshaona kumbukumbu za mibonyezo na ameweka alama nyekundu kwa mshiriki wa mwisho: anataka nieleze kasoro ya kitufe iliyomfanya arudie vile. Nimekaa na swali hilo tangu jana. Nimeandika na kufuta. Nilichokiacha ni sentensi moja: kitufe hakina kasoro, mshiriki alikuwa anasikiliza. Akitaka zaidi nitakwenda ofisini kwake nimweleze kwa mdomo.

Leo sijamsikiliza. Yale makosa yake bado ninayo, yako hapa, mkono ukinyooka nayafikia. Nimemkumbuka mpaka mabega yanauma. Namtamani akiwa mzima, namtamani hata akiwa mgonjwa, amekaa kwenye ngazi ya tatu anasubiri pumzi irudi huku ananipa ishara nitangulie. Nilikuwa sitangulii. Ninakaa naye pale kwenye ngazi, watu wanaturuka.

Idi nitakwenda Mbwera. Nimeshamwambia Riziki. Sitakuwa na utafiti wa kunipeleka wala barua ya chuo, nitakuwa na kitambaa cha gauni cha Bi Siwema na mananasi ya mama yangu, kama mama atakubali kunipa.

Asubuhi yake nitafungua ukurasa nione kama boti ipo, na nitakayemsikia akinijibu nitakuwa mimi mwenyewe. Sijui nitazoea lini.